Bia Nyeusi ya Wales na Somo la Kutoa Alama

Wahenga walinena kwamba mwonja asali haonji mara moja. Wengi wetu huitumia methali hii kumsuta mlevi, mzinzi au mdokozi, yaani mtu aliyekwisha kuzoea kitu na sasa hawezi kukiacha. Leo naomba idhini ya kuisoma kwa njia nyingine. Anayetaka kuijua asali hatosheki na tone la kwanza. Huonja, akatafakari, akaonja tena, na ndipo anapofungua kinywa kusema asali hiyo ni ya namna gani.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji wa safu hii, hususan walimu wenzangu, watashtuka wakiona kichwa cha makala haya. Watauliza: je, mwalimu wa isimu ameishiwa na la kuandika hata akaamua kutupeleka kilabuni? Nawaomba subira. Sikusudii kumshawishi yeyote anywe, na kwa mwanafunzi ambaye hajatimiza umri wa miaka 18 sheria imekwisha kusema la kusema. Nia yangu ni kueleza jinsi painti moja ya bia nyeusi ya Wales ilivyonifunza, tayari nikiwa na shahada ya uzamifu, kwamba sikujua kutoa alama.

Mwaka 2016 nilikuwa Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa mkutano wa wanaisimu. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyefundisha Kiwelisi shuleni kwa miaka mingi. Baada ya kikao cha mwisho alinichukua hadi katika baa kongwe iliyo katikati ya mji, si mbali na mahali ambapo kampuni ya Brains ilikuwa ikipikia bia yake hadi mwaka 1999. Kiwanda hicho kilinunuliwa mwaka 1882 na Samuel Arthur Brain pamoja na ami yake, Joseph Benjamin Brain. Jina lao la ukoo, katika sikio la Mwingereza, linasikika kama neno la ubongo au akili, na watangazaji wa kampuni hawakuiacha bahati hiyo ipite: walikuwa wakiwaambia watu kwamba wanachohitaji ni Brains.

Mzee alinisimulia kisa kimoja ambacho mwanaisimu hawezi kukisahau. Kampuni hiyo ilipokuwa mdhamini wa timu ya raga ya Wales, jina lake liliandikwa kifuani mwa jezi za wachezaji. Mwaka 2005 timu ilikwenda kucheza Ufaransa, nchi ambayo sheria yake inapiga marufuku matangazo ya pombe michezoni. Jezi zikabadilishwa, na badala ya Brains zikaandikwa Brawn, neno lenye maana ya nguvu za misuli. "Tulipovuka bahari," akasema mzee akicheka, "akili tuliziacha nyumbani tukaenda na misuli tu."

Bia aliyoniagizia ni ile ambayo watu wa Cardiff huiita kwa ufupi Dark, yaani nyeusi. Ni bia ya aina ya eli, yenye asili katika jamii ambayo Waingereza huiita kwa neno lenye maana ya "pole". Nami nitaiita bia pole. Mzee alikuwa mmoja wa wale watu wanaojitolea kupima hali ya bia katika mabaa, na mfukoni mwake mlikuwa na kijikaratasi chenye kipimo kinachotumiwa na CAMRA, chama kilichoanzishwa mwaka 1971 kutetea bia ya pipa. Kipimo hicho huanza na sufuri, ambayo ni bia isiyonyweka, hadi tano, ambayo ni bia isiyo na dosari.

"Onja," akaniambia, "uipe alama, kisha unieleze sababu."

Nikapiga mafunda mawili. Tulikuwa tukizungumza Kiingereza, lakini kichwani nilikuwa nikiwaza kwa Kiswahili. "Tamu," nikamwambia. "Naipa tatu."

"Tatu kwa nini?"

"Kwa sababu ni tamu, ila haina ukali."

Akatabasamu kama mwalimu anavyomtabasamia mwanafunzi aliyekariri jibu bila kulielewa swali. "Mwalimu mwenzangu," akasema, "maneno hayo yangefaa hata kwa kikombe cha chai. Hebu tuanze upya."

Tukaanza na macho. Aliiinua bilauri mbele ya taa, na kile nilichokuwa nimekiita cheusi kikageuka kuwa rangi ya kahawia iliyokolea, yenye wekundu wa damu ya mzee kandokando, na juu yake utando wa povu la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Hapo nikaungama kosa langu la kwanza. Kwa kuwa ilikuwa nyeusi, nilikuwa nimeingoja iwe na nguvu. Sisi huku tumezoea kwamba bia nyeusi ni staut, na Guinness inayouzwa kwetu hupita asilimia 6 ya kileo. Bia pole kwa desturi huwa baina ya asilimia 3 na 3.8, na hata hiyo niliyopewa, iliyokuwa na nguvu zaidi kidogo ya desturi, haikuifikia Tusker yetu yenye asilimia 4.2 na rangi ya dhahabu.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Bia huanza na shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, ndiyo kimea. Kileo hutokana na sukari ya kimea hicho inayoliwa na hamira. Rangi, kwa upande wake, hutokana na sehemu ndogo tu ya kimea iliyokaangwa hadi ikafanana na buni. Kiasi kidogo cha kimea cha namna hiyo kinatosha kuifanya bia yote iwe nyeusi bila kuiongezea nguvu yoyote. Rangi na nguvu ni mambo mawili yasiyotegemeana, ila jicho huyafunga pamoja. Kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo ni la mgeni peke yake. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Ufaransa, Morrot, Brochet na Dubourdieu, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wale, waliokuwa wakisomea kazi hiyohiyo, waliueleza kwa msamiati unaotumiwa kueleza mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limekwisha kutoa hukumu kabla pua haijafika mahakamani.

Baada ya macho ilifuata pua, na hapa ndipo mzee aliponipa zawadi niliyorudi nayo nyumbani. Aliniambia kwamba katika Kiwelisi kitenzi cha kusikia, yaani *clywed*, hakiishii masikioni. Mwelisi husikia sauti, husikia harufu, na husikia hata ladha. Nilishindwa kujizuia nikapiga meza. Nasi Waswahili je? Si twasema "nasikia harufu ya vitunguu", "nasikia njaa", "nasikia baridi"? Lugha mbili zisizo na undugu wowote wa nasaba, moja ya jamii ya Kibantu na nyingine ya jamii ya Kiselti, zimefikia uamuzi mmoja kwamba pua nayo ina namna yake ya kusikiliza.

"Basi isikilize," akasema mzee.

Nikaisikiliza. Kwanza ilikuja harufu ya mkate uliokolea moto pembeni. Kisha sukari iliyoungua, kama ile ya chini ya sufuria ya kashata. Baadaye kidogo, kwa mbali, kahawa na chokoleti isiyo na maziwa. Nikatambua pia kwamba Kiswahili kilikuwa kimenipa silaha ambayo sikuwa nimeitumia. Sisi twatofautisha kunuka na kunukia, tofauti ambayo lugha nyingi huhitaji kivumishi ili ziieleze. Bia ya pipa huwa na hamira hai ndani yake, na pipa likishafunguliwa haliwezi kukaa siku nyingi kabla ya bia kuanza kuchacha. Ikianza kuharibika huanza kunuka siki. Ile yangu ilikuwa inanukia. Tayari nilikuwa na sababu moja ya kusema, nayo ilikuwa na jina.

Hatimaye tukaufikia ulimi. Hapa ndipo lilipofichuka kosa langu kubwa zaidi, kosa la neno "tamu". Katika Kiswahili, kitu kitamu ni chenye sukari, na kitu kitamu ni chenye kupendeza. Ugali na sukuma wiki ni vitamu, hadithi ni tamu, sauti ya mwimbaji ni tamu. Nilipoiita bia ile tamu, je, nilikuwa nikieleza bia au nikijieleza mwenyewe? Neno "kali" nalo ni hivyo hivyo: pilipili ni kali, ndimu ni kali, chang'aa ni kali, na mwalimu mkuu ni mkali. Maneno yenye mabega mapana namna hii hubeba kila mzigo, na ndiyo maana hayamwambii msikilizaji ni mzigo gani hasa uliobebwa.

Hata hivyo, lugha yetu si maskini. Tuna uchungu, tuna uchachu, tuna ugwadu wa tunda bichi, tuna ukakasi unaokausha ulimi na meno kama ndizi mbichi. Twasema chakula kimekolea au hakijakolea, na kisicho na ladha twakiita chapwa au dufu. Nilipoyatumia maneno hayo bia ikaanza kufunguka. Utamu wa kimea ulitangulia, lakini haukudumu. Uchungu ulifuata, nao ulikuwa wa aina mbili: mdogo wa hopsi, yale maua yanayotiwa katika bia, na mkubwa zaidi wa nafaka iliyokaangwa. Mwishoni palibaki ukakasi mwembamba uliosafisha ulimi na kumwita mtu apige funda jingine. Bia ilikuwa nyepesi kinywani bila ya kuwa chapwa. Hilo, akasema mzee, ndilo jambo gumu kuliko yote kwa mpishi wa bia: kupunguza nguvu bila kupunguza ladha.

Wataalamu wa fani hii wameung'ang'ania msamiati kwa miaka mingi. Mwaka 1979 mwanakemia Morten Meilgaard na wenzake walichapisha gurudumu la ladha za bia lenye istilahi 122 zilizopangwa katika makundi 14, ili mpimaji wa mji mmoja na mpimaji wa mji mwingine wakitaja neno wawe wanakusudia kitu kimoja. Haja ya kazi hiyo inaeleweka tukisoma kitabu alichokitoa mwanaisimu Mmarekani, Adrienne Lehrer, mwaka 1983, kuhusu lugha ya wanywaji wa mvinyo. Lehrer alimtaka mtu mmoja aueleze mvinyo, kisha mwingine auteue kutokana na maelezo yale. Watu wa kawaida hawakufaulu sana kuliko mtu anayebahatisha. Walikuwa wakizungumza kwa raha, wakidhani wanaelewana, na kumbe kila mmoja ana kamusi yake kichwani.

Kuna funzo jingine alilonipa mzee, nalo ni la haki. Aliniuliza: "Ukiipa tatu, unailinganisha na nini?" Nikajibu kwamba nailinganisha na bia ninazozijua. Akatikisa kichwa. Bia pole, akanieleza, haikuundwa ili ishindane na staut. Zamani, katika karne ya 18 na ya 19, jina lile la upole lilimaanisha bia mpya isiyowekwa ikakomaa, na nyingine zilikuwa na nguvu kweli kweli. Ni baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 19, ndipo jina hilo lilipoanza kushikamana na weusi. Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vilileta uhaba wa nafaka na masharti ya serikali, na nguvu ya bia ikashushwa. Kusini mwa Wales bia hii ikawa kinywaji cha wachimba makaa ya mawe na wafua vyuma, watu waliotoka kazini wakiwa wamekaushwa na jasho, waliohitaji kunywa kingi na kesho yake kudamka. Anayeilaumu kwa kukosa nguvu anailaumu kwa kufanya kazi iliyotumwa. Na kwa kuwa wengi waliipima hivyo, kutoka miaka ya 1960 mauzo ya bia za namna hii yalishuka hata zikaadimika katika mabaa mengi ya Uingereza. Twasema kizuri chajiuza. Si kila mara. Kizuri kikipimwa kwa mizani ya kitu kingine, hudoda sokoni.

Wawelisi wenyewe wana historia ndefu ya kupima vinywaji. Sheria zao za kale, zinazonasibishwa na mfalme Hywel Dda aliyefariki yapata mwaka 950, zilitaja kodi ya vinywaji iliyopelekwa kwa mfalme: pipa moja la pombe ya asali, ikikosekana, mapipa mawili ya *bragawd*, yaani bia iliyochanganywa na asali na viungo, nayo ikikosekana, mapipa manne ya *cwrw*, bia ya kawaida. Moja, mbili, nne. Hiyo nayo ni orodha ya alama, na ubora wake ni kwamba kila mlipaji aliijua kabla ya kuleta pipa lake.

Na ili nisionekane kwamba nimeegemea upande mmoja, niseme kwamba nchi hiyo hiyo ilikuwa ngome ya wapinzani wa pombe. Sheria ya mwaka 1881 ilifunga mabaa ya Wales siku za Jumapili. Kuanzia mwaka 1961 wananchi wakapewa kura ya kuamua wilaya kwa wilaya, na Dwyfor, wilaya ya mwisho kushikilia marufuku hiyo, iliiacha mwaka 1996 tu. Lakini hata wao hawakuwa na kauli moja: James Buckley, aliyehubiri katika madhehebu ya Wamethodisti, alikuwa pia mwenye kiwanda cha bia mjini Llanelli, na hadi leo kuna bia nyekundu-nyeusi iliyopewa jina lake, The Rev. James.

Sasa nirudi darasani, maana ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo. Miaka kadhaa kabla ya safari ile, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini na tasnifu yake fupi. Nilikuwa nimempa 9 kwa 20, na pembeni nimeandika neno moja: "Jitahidi." Aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, nijitahidi katika nini?" Nikaikodolea macho karatasi ile. Sikukumbuka. Nilimwambia kwamba kazi ilikuwa "haijakolea", na kwamba alama zimekwisha kupelekwa. Aliondoka, na muhula uliofuata alihamia somo jingine. Huenda alikuwa na sababu zake. Lakini siku ile katika baa ya Cardiff, mzee aliponiuliza "tatu kwa nini?", sauti niliyoisikia ilikuwa ya mwanafunzi yule.

Mashindano ya bia yanayofuata mwongozo wa majaji uitwao BJCP hutoa alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia kinywani 5, na jumla 10. Tazama sura ilivyopewa tatu tu. Ni wangapi kati yetu ambao hati nzuri ya mwanafunzi imewahi kutupofusha, tukampa 15 ya kahawia iliyokolea, huku mwenye hati ya kuku akipata 8 kwa hoja zilizo bora? Aidha, jaji wa bia huandika maelezo ya kila kipengele na kuyakabidhi kwa aliyeipika. Nasi katika insha ya KCSE tuna viwango, A hadi D, kila kimoja na sifa zake. Ni mara ngapi mwanafunzi huzisikia sifa hizo kabla ya kuketi kuandika? Na ni mara ngapi tumeilaumu barua rasmi kwa kukosa madoido ya hadithi, kama mgeni anayeilaumu bia pole kwa kukosa nguvu ya staut?

Sidai kwamba maneno yataondoa upendeleo wote. Lehrer amekwisha kutuonya kwamba hata maneno yanaweza kutuhadaa tusipokubaliana juu ya maana zake. Lakini neno linaweza kuhojiwa, na nambari tupu haihojiki. Mwanafunzi akiambiwa "hoja ya pili haina mfano", anaweza kukubali, anaweza kupinga, anaweza kutafuta mfano. Akiambiwa "9", hana mlango wa kupitia.

Jioni ile, kabla hatujaagana, niliomba kijikaratasi nikaandika: "Yanukia mkate na sukari iliyoungua, yaanza kwa utamu, yamaliza kwa uchungu wa kahawa na ukakasi mwembamba, nyepesi lakini si chapwa, pipa li hai, kwa jamii yake, nzuri sana." Kisha nikaandika 4. Mzee alitaka tafsiri, akaisikiliza hadi mwisho, akakataa jambo moja: yeye alisikia chokoleti kuliko kahawa. Tukabishana juu ya hilo hadi basi langu likafika, nami nilifurahi, kwani kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kubishaniwa.

Tangu hapo siandiki nambari kwenye karatasi ya mwanafunzi kabla ya kuandika sentensi tatu. Kazi hiyo inachosha, hasa madarasa yanapojaa. Hata hivyo nawasihi walimu wenzangu waijaribu walau kwa rundo moja la karatasi muhula huu, nanyi wanafunzi msione haya kuuliza, kwa adabu, swali lile alilouliza mwenzenu: nijitahidi katika nini?